Droo ya Tatu

Faili zote ziko kwenye kompyuta, Ceinwen,
bajeti pia, na barua za wakaguzi,
na lile jedwali la rangi tatu
wanalolipenda madiwani kwa kuwa husomeka upesi.
Hayo utayakuta bila mimi.
Nimekuita nikuonyeshe droo ya tatu.
Hukwama. Iinue kidogo kwanza, halafu vuta.

Huu ni mfuko wa taka, mweusi, haujatumika.
Mwaka wangu wa kwanza kazini, kule Tredegar,
mvua ikipiga kwa ubavu,
nilimhamisha mvulana wa miaka sita
nguo zake zote zimo katika mfuko kama huu.
Njia nzima hakulia.
Mlangoni kwa walezi aliuliza jambo moja tu:
lori la taka hupita huku siku gani?
Nikamjibu Jumatano, nikafurahi kuwa nalijua jibu.

Wiki ya tatu mlezi akanipigia simu:
kila Jumanne usiku mtoto anauvuta mfuko kitandani,
analala juu yake, viatu mguuni.

Nilipopata cheo, saini yangu ya kwanza
ilinunua masanduku mia mbili, yenye magurudumu.
Mkaguzi wa hesabu akahoji ulazima wake.
Hoja hiyo ingali wazi.
Iache wazi.

Jino hili ni la Nerys.
Lilitoka kikaoni, pale kwenye meza ndefu,
watu wazima kumi na wawili tukijadili alale wapi.
Akaniwekea kiganjani, lina damu bado,
nimtunzie mpaka apate anwani,
maana yule mgeni wa usiku aachaye sarafu chini ya mto
angepotea njia.
Alihama mara saba.
Kila mara nilimpelekea pauni moja
na kumwambia mgeni anaulizia.
Sasa ana miaka ishirini na tisa, na binti mwenye mapengo.
Sijalirudisha. Sijui nalingoja nini.

Bahasha hii usiifungue leo.
Jina lake magazeti yalikatazwa kulitaja,
wakalitaja langu.
Waliupiga picha mlango wangu, na Emlyn akianika shuka,
na chini yake wakaandika: mume wa mkurugenzi.
Faili ile nimeisoma mara arobaini
nikiitafuta Alhamisi tuliyoikosa.
Niliipata.
Haikuwa moja.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Mimi nililipwa mshahara niujue,
kila tarehe ishirini na tano, ukikatwa kodi.
Na wazazi wenyewe, je?
Mama mmoja alinitemea mate kwenye foleni ya mkate, Ebbw Vale,
watu wakatazama viatu vyao.
Nilijifuta kwa leso, nikabaki kwenye foleni.
Watoto wake watatu niliwaondoa kwa haki,
nayo mate yake, nadhani, yalikuwa ya haki.
Mambo hayo mawili sijaweza kuyapatanisha.
Ukiweza, niandikie.

Utakatwa bajeti. Watasema ni upepo tu.
Utaambiwa uchague kati ya dereva wa shule
na mwanamke anayekaa na watoto wachanga usiku,
na utachagua, na utalala, na hilo litakushangaza.

Simu itaita saa nane usiku.
Kabla hujauliza mtaa gani,
kabla hujauliza polisi wamefika,
andika jina la mtoto.
Ukishindwa kuliandika vizuri, waambie walitaje tena, herufi kwa herufi.
Wataona unachelewesha. Wacha waone.

Basi. Kikombe cha kijani si changu, nilikikuta.
Maegesho yako ni namba nne, yana dimbwi.
Koti langu liko wapi...
La, si hivyo, utaivunja.
Iinue kidogo, nimesema,
halafu vuta.